Bwana Wangu, Malkia Amefariki: Kilio cha Muuaji Jukwaani

Barry Berkman, mhusika mkuu wa tamthilia ya televisheni Barry, alipewa maneno manne tu katika onyesho lile: "Bwana wangu, malkia amefariki." Kwenye mazoezi aliyatamka kama mtu anayesoma bei kwenye risiti. Usiku wa onyesho lenyewe aliingia jukwaani mwili unamtetemeka, machozi yamemjaa, akayatamka maneno yale yale, na ukumbi mzima ukanyamaza. Watu waliokuwa wamekaa pale waliona mwigizaji akizaliwa mbele ya macho yao. Sisi watazamaji wa nyumbani tulikuwa tumeona kitu kingine: muda mfupi kabla ya hapo, ndani ya gari lililoegeshwa gizani, Barry alikuwa amempiga risasi rafiki yake Chris.

Ninataka kulikalia tukio hili moja, kwa sababu kila ninapolirudia ninaona limebeba tamthilia yote. Liko katika sehemu ya 7 ya msimu wa kwanza wa Barry, tamthilia iliyoanza kuoneshwa na HBO, kituo cha televisheni cha Marekani, mwezi Machi 2018 na kumalizika Mei 2023 baada ya misimu minne. Walioibuni ni Alec Berg na Bill Hader, na Hader ndiye anayeigiza Barry mwenyewe. Sehemu hii iliandikwa na Liz Sarnoff, na uandishi wake uliteuliwa kuwania Emmy, tuzo kubwa ya televisheni Marekani, mwaka 2018. Tuzo zenyewe ziliiweka Barry katika kundi la vichekesho. Anayeweza kucheka katika dakika kumi za mwisho za sehemu ya 7 mimi sijakutana naye. Kama hujaitazama, ujue nitasimulia hadi mwisho.

Historia ya Barry ni fupi. Alikuwa askari wa Marine, akapigana Afghanistan, akarudi nyumbani Marekani bila kujua afanye nini na maisha yake. Fuches, rafiki wa familia, akamwokota katika hali ile na kumgeuza muuaji wa kukodiwa. Siku moja anatumwa Los Angeles kumuua mtu, anamfuata hadi kwenye darasa la uigizaji la mzee Gene Cousineau, na pale anapenda kitu ambacho hakukitarajia: kusimama mbele ya watu na kuwa mtu mwingine. Anaamua kuacha kuua. Kila msimu anaamua hivyo.

Chris Lucado ni rafiki wa jeshini. Alikuwa Marine pia, lakini wa upande wa vifaa na usafirishaji. Hakuwa mtu wa mstari wa mbele. Ana mke, Sharon, na mtoto wa kiume. Ni mtu wa kawaida, na ukawaida wake ndio unaoumiza. Anajikuta ndani ya gari pamoja na Barry na askari wenzao wawili wa zamani, Taylor na Vaughn, wakielekea kwenye uwanja mdogo wa ndege kuvamia kundi la Wabolivia wa dawa za kulevya. Taylor anaendesha gari moja kwa moja hadi midomoni mwa bunduki. Taylor na Vaughn wanakufa. Barry anakaribia kufa, na Chris, ambaye hajawahi kuua mtu maishani mwake, anampiga risasi aliyekuwa anataka kummaliza Barry. Yaani Barry yuko hai kwa sababu Chris alivuka mstari ambao jeshi lenyewe halikuwahi kumvusha.

Baada ya hapo Chris hawezi kutulia. Wanakutana usiku, wanakaa ndani ya gari. Chris analia, anasema ameua mtu, anasema labda aende polisi akaeleze kila kitu. Barry anajaribu kumtuliza. Anamwelekeza taratibu, kama mwalimu anayempa mwanafunzi nafasi ya pili ya kulijibu swali. Anataka Chris aseme kitu kimoja tu: kwamba atanyamaza. Chris hasemi, kwa sababu hajui kwamba yuko kwenye mtihani. Anapotambua, anapoona uso wa rafiki yake umebadilika, anaanza kujitetea, anamtaja mke, anamtaja mtoto. Imechelewa. Barry anampiga risasi na kupanga mambo yaonekane kana kwamba Chris amejiua.

Hapa ndipo watu wengi wanapopita haraka ili wafike jukwaani. Mimi ninaomba tusimame kidogo ndani ya gari hilo, kwa sababu kuna watu wawili wenye damu mikononi, na kila mmoja anasutwa na nafsi yake kwa namna yake.

Chris ana uzito moyoni na anatafuta mdomo wa kuutolea. Hajui sheria itamfanya nini, hajapiga hesabu ya miaka ya gerezani; anachojua ni kwamba jambo hili haliwezi kukaa ndani yake na yeye akaendelea kula chakula cha jioni na mtoto wake. Hiyo ni dhamira nzima, inayofanya kazi yake. Ya Barry imeshazoea kukaa gizani. Inamuuma, sikatai kwamba inamuuma, lakini imejifunza kuuma kimya kimya bila kumzuia kufanya lolote. Dhamira hizo mbili zinapokutana ndani ya gari moja, ile iliyo hai ndiyo inayouawa. Chris anakufa kwa sababu anataka kusema ukweli. Kama angekuwa mtu mbaya zaidi kidogo, angeamka kesho yake.

Na namna alivyouawa ina ukatili wa pili ambao unanisumbua kuliko risasi yenyewe. Barry anamwachia Sharon hadithi ya uongo. Mjane ataambiwa mumewe amejitoa uhai. Kwa yeyote aliyewahi kukaa kwenye msiba wa namna hiyo, maana yake inajulikana: minong'ono nyuma ya turubai, mke kuulizwa kwa macho tu "kwani nyumbani kulikuwa na nini?", mama wa marehemu kumtazama mkwe wake kwa namna ambayo haitafutika. Huyu wa Sharon ni msiba wa Los Angeles, haukuwa na turubai wala majamvi, lakini swali linalobaki kwa mjane ni lile lile kila mahali. Atalala nalo kila usiku: nilishindwa kuona nini? Barry amemnyang'anya mume, kisha akamtwika hatia ambayo ni ya Barry. Hatia haikupotea ndani ya gari lile. Ilihamishwa mlango.

Sasa twende jukwaani.

Darasa la Cousineau linaonesha vipande vya Shakespeare. Sally Reed, mwanafunzi mwenzake ambaye Barry anampenda, amechukua nafasi ya Macbeth mwenyewe, mfalme muuaji anayeletewa habari za kifo cha mkewe, na ameutegemea sana usiku huu. Anachohitaji kutoka kwa Barry ni hayo maneno manne, yasemwe kwa namna itakayomfungulia yeye hotuba maarufu ya "kesho, na kesho, na kesho". Barry anafika akiwa ameparaganyika. Nyuma ya jukwaa anavunjika. Kichwani mwake anamwona Sharon akipokea habari za kifo cha mumewe. Picha hiyo inamkaba, na ikiwa bado imemkaba anasukumwa jukwaani.

"Bwana wangu, malkia amefariki."

Sally anashtuka, na mshtuko wake ni wa kweli. Kwa mara ya kwanza mtu amemletea msiba badala ya mstari wa kukariri. Anaushika uchungu ule kama moto unaopokezanwa, na hotuba inayofuata ndiyo kazi bora kabisa aliyoifanya tangu tamthilia ianze. Makofi yanapigwa. Sally anamkumbatia. Wanampongeza.

Waandishi walichagua mahali hapa kwa akili sana. Waliosoma Makbeth ya Kiswahili, tafsiri ya S. S. Mushi iliyotoka 1968, au waliousoma mchezo wenyewe kwa Kiingereza shuleni, watakumbuka tendo la tano, onyesho la tano. Macbeth yuko ndani ya ngome, maadui wanakaribia. Kinasikika kilio cha wanawake. Macbeth anasema karibu amesahau ladha ya hofu. Ameshiba mambo ya kutisha kiasi kwamba hakuna tena linalomshtua. Seyton, mtumishi wake, anakwenda kutazama, anarudi, anatoa habari. Seyton si mtu wa maana katika mchezo ule. Hana hatia, hana historia, ni mdomo tu. Muuaji ni yule anayepokea habari, na moyo wake umekufa ganzi.

Katika Barry waandishi wamevigeuza viti. Muuaji ndiye Seyton. Mwenye mikono yenye damu amepewa kazi ya mtu asiye na hatia, na mwanamke ambaye hajaua mtu ndiye aliyesimama mahali pa muuaji, akiongea maneno ya mtu ambaye maisha yamemwishia maana. Barry anatangaza kifo alichokifanya yeye, na hakuna hata mmoja ukumbini anayeweza kusikia kwamba ni ungamo. Kuna na jambo jingine dogo ambalo nililigundua nilipoutazama mara ya tatu. Mwishoni mwa mchezo wa Shakespeare, Malcolm, mfalme mpya, anasema kwamba malkia, kama inavyodhaniwa, alijiua kwa mikono yake mwenyewe. Kwa hiyo kifo kinachotangazwa na Barry jukwaani ni kifo kinachosemwa kuwa cha kujiua. Ndicho kile kile alichotoka kukitengeneza garini.

Nimefikiria sana kuhusu kazi hiyo ya mleta habari, kwa sababu niliwahi kuifanya. Nilikuwa na miaka 17, nikatumwa kwenda kumwambia shangazi kwamba mwanawe wa kwanza, binamu yangu, amefariki safarini. Mama alinifundisha mlangoni kabla sijatoka: usianze na kifo. Msalimie, umuulize kama amekula. Kama hajala, mwache ale, kwa maana atakapojua hatakula tena siku mbili. Kisha umwambie tunahitajika nyumbani kwa babu. Nilitembea njia nzima nikiwa nimebeba kitu ambacho shangazi hakuwa nacho bado, na kila hatua niliyochelewa ilikuwa ni hatua moja zaidi ambayo kwake mwanawe alikuwa hai. Aliponiona tu, kabla sijatoa salamu, alikaa chini.

Mleta habari ya msiba kwetu ni mtu wa heshima ngumu. Anasimama kati ya kifo na wafiwa, anabeba uchungu ambao si wake kwa ajili ya wenyewe, na akishaufikisha, anakaa pembeni. Anaweza kulia, lakini halii zaidi ya mama wa marehemu. Hilo halijaandikwa popote na kila mtu analijua. Tazama basi alichokifanya Barry. Alimfikiria Sharon akipokea habari, akauchukua uchungu wa Sharon kabla Sharon mwenyewe hajaupata, akaulia yeye, mbele ya watu, akapigiwa makofi. Sharon hakuwemo ukumbini. Msiba wake ulitumika kabla haujamfikia.

Wapo wanaolitazama tukio hili kwa jicho la huruma zaidi yangu, na wana hoja. Wanasema machozi yale yanathibitisha kwamba Barry bado ni binadamu; muuaji kamili angekwenda kula na kulala. Wanasema vita vilimvunja kabla Fuches hajamfikia, na msimu wa pili unaeleza hilo: huko bonde la Korengal, Afghanistan, baada ya mwenzake Albert kupigwa risasi, Barry alipandwa na wazimu wa hasira akamuua mtu asiyehusika. Ninakubali yote hayo. Ninakubali pia kwamba Hader anaigiza uchungu huo kwa ukweli ambao unakufanya umwonee huruma bila kutaka. Alistahili kabisa ile tuzo ya Emmy ya 2018. Machozi ya Barry ni ya kweli. Ninachobisha ni bei yake. Yanalipa nini?

Tulikolelewa, hili lina majibu ya wazi. Maalimu wa chuo cha Qur'ani alitufundisha masharti ya toba tukiwa wadogo hata hatuna dhambi za maana: uiache dhambi, uijutie, uazimie kutoirudia. Kisha anaongeza la nne kwa sauti nzito, kwamba ikiwa kosa linahusu haki ya mja mwenzako, lazima umrudishie haki yake au umwombe radhi, na Mungu hatakusamehe kwa niaba yake. Majirani zetu Wakatoliki nao wana kujuta, kuungama na kutimiza kitubio, na padri hatakuondolea uliloficha. Katika njia zote hizo majuto ni hatua moja tu. Barry ana majuto ya kujaza ukumbi, na amekwama hapo hapo miaka yote. Sharti la haki ya mja hajaligusa hata kwa ncha ya kidole, maana mdai wa kwanza ni Sharon, na kumlipa Sharon kunaanza na kumwambia ukweli.

Badala yake usiku ule amejifunza somo jingine la hatari. Amegundua kwamba uchungu wa damu aliyoimwaga unaweza kugeuzwa kuwa kipaji. Cousineau amekuwa akiwahimiza wanafunzi wake wachimbe ndani, walete jukwaani kilicho cha kweli. Ni mafundisho mema kwa karibu kila mtu darasani mle. Kwa Barry, kilicho cha kweli ni maiti. Hakuna anayejua, kwa hiyo hakuna anayeweza kumkanya. Wote wanamsifu, na sifa ndiyo iliyomfanya apende kubaki pale tangu mwanzo.

Sehemu ya 8 inaonesha mara moja kilichojengeka. Janice Moss, mpelelezi na mpenzi wa Cousineau, anamgundua wakiwa kwenye nyumba ya mapumziko ya Cousineau kando ya ziwa. Barry anamsihi amwache, anamwambia amebadilika. Kisha anamuua, anarudi kitandani kwa Sally, na kusema maneno ambayo tamthilia imeyafanya kuwa wimbo wake: kuanzia sasa. Kuanzia sasa hatafanya tena. Katika msimu wa tatu anasikia kwamba msamaha hutafutwa kwa jasho, na anaelewa hivi: amkamate Cousineau, amfungie kwenye buti ya gari, kisha amtafutie nafasi ya kuigiza kwenye televisheni. Anamlipa mzee aliyemuulia mpenzi kwa sarafu ambayo yeye Barry anaithamini. Hajawahi kumuuliza anadai nini.

Albert, yule mwenzake wa Korengal, anarudi katika msimu huo akiwa mpelelezi wa FBI, na kifo cha Chris ni moja ya yaliyomleta. Albert, bastola mkononi, anamkuta Barry jangwani, na Barry anapiga yowe, analia kwa sauti ambayo haifanani hata kidogo na ile ya jukwaani. Haina umbo, haina hadhira. Albert anamwambia ana binti, na kwamba binti huyo yupo duniani kwa sababu Barry alimwokoa yeye Albert vitani. Anamwambia aache, kuanzia sasa, na anamwachia aende. Nilipolitazama mara ya kwanza nililia na mimi. Nilipotulia nikajiuliza swali ambalo bado ninalo: Albert alikuwa na haki gani ya kumsamehe damu ya Chris? Alimsamehe kama rafiki aliyeokolewa. Mwenye kudai hakuulizwa.

Lakini waandishi hawakumsahau mwenye kudai, na hili ndilo linalonifanya niwaheshimu. Kabla Albert hajafika jangwani, Fuches alikuwa amepita kwa familia za waliouawa, akiwapa jina la Barry. Sharon anapata hatimaye ukweli kuhusu mume wake: hakujiua. Fikiria uzito uliomtoka na uzito uliomwingia kwa dakika ile ile.

Katika sehemu ya 7 ya msimu wa kwanza tulimwona akipokea msiba kupitia kichwa cha mtu aliyemfanya mjane. Katika msimu wa tatu anamkaribisha Barry nyumbani kwake. Barry anakwenda, kwa sababu anadhani anakaribishwa kama rafiki wa marehemu. Anaketi mezani. Sharon anamwekea chakula, anamtazama akila, na anasubiri sumu imwingie.